Desemba Tulipoteremka na Melki

Oliva na Rehema, mmeniuliza mara tatu na mara zote nimewajibu kwa kucheka. Sasa nasikia mmeanza kuokota habari kwa watu waliokula Krismasi kwetu Kirua, na habari hizo haziko kama nilivyoziona kwa macho yangu. Basi nimekaa chini nimeandika. Someni ninyi wawili tu, mkimaliza mtie karatasi hizi jikoni. Mambo ya tiketi na ya kumwomba ruhusa mwalimu mkuu nayaacha, hayana utamu. Nianze na chanzo.

Chanzo kilitoka kwenye robota. Baba Melki, kama mnavyojua, anauza mitumba Kiboriloni. Siku moja alifungua robota la nguo za watoto akakuta nguo ya kuogelea, ndogo kuliko kiganja, rangi ya chungwa, ina bata kifuani. Nguo nyingine zote ziliuzika, ile ikabaki. Wanawake waliigeuzageuza wakauliza, "Hii mtoto anaivaa akienda wapi?" Mwishowe akaileta nyumbani, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda, na kila jioni akawa anaitazama. Wiki ya tatu akaniambia, "Mama Melki, hivi sisi tuna upungufu gani? Waliomvalisha mtoto wao hii walikwenda likizo baharini. Na sisi twende." Nilidhani ni mbege inaongea. Kumbe mwenzangu amekusudia.

Tena Desemba! Mchagga aliyeko Dar, aliyeko Mwanza, aliyeko sijui wapi, ikifika Desemba anapanda mlima kurudi nyumbani. Sisi ndio tukapanga kuteremka, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, na nafasi nyingine sikuwa nayo. Tukakubaliana siku sita tu, halafu turudi kula nyama na wenzetu.

Kirua hadi Himo

Mama mkwe alipoambiwa, aliweka jembe chini. Melki ni mjukuu wake wa kwanza wa kiume, amebeba jina la babu yake Melkiori aliyefariki, na kwa hiyo mama huwa anamwita "mume wangu", au "meku", yaani mzee. Anamsalimia asubuhi kwa heshima kabla hajanisalimia mimi. Sasa akaniangalia mimi, siyo mwanawe, akasema, "Mtoto wa mlimani hapelekwi kwenye moto. Akipatwa na jambo, wewe usirudi hapa kwa miguu yako." Baada ya hapo hakuniongelesha juma zima.

Siku ya safari tuliondoka na ukungu. Melki nimemfunga mgongoni, baba yake kabeba begi. Tulipofika kwenye njia panda chini ya migomba ya jirani, tukamkuta mama amesimama katikati ya njia. Kichwani ana mkungu wa ndizi mshare, begani kibuyu cha maziwa mgando, na mkononi ameshika jani la isale.

Nikalitazama lile jani. Ninyi mmekulia huku, mnajua mtu akikujia na isale kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Hata aliyemuua ndugu yako akija nalo, unakaa chini mnaongea. Lakini mimi nilikuwa sijaona mama mkwe akimpelekea isale mke wa mwanawe, tena barabarani, watu wa maziwa waliokuwa wakipita wamesimama kutazama.

"Nilikuambia maneno mabaya," akasema. "Nisamehe."

"Mama, jamani, nimesamehe. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Basi twende."

"Twende wapi?"

"Si baharini?" Akamnyooshea mwanawe mkungu. "Na kitu kingine. Nguo za meku ni mimi. Kumvisha na kumvua, ni mimi. Baridi ya ugenini haina adabu."

Nikaitikia. Nilishalipokea lile jani, ningesema nini? Huyu mama ni mwerevu kuliko sisi wote tuliosoma, na siku ile alinishika nikashikika. Tulipofika Himo, Melki alikuwa na fulana mbili, sweta, soksi za sufu, kofia ya kufunga kidevuni, na juu yake khanga ya bibi.

Himo hadi Mombo

Basi lilikuja karibu tupu. Kondakta alituangalia kama watu waliokosea upande wa barabara. "Tanga?" akauliza mara mbili. Mabasi yaliyokuwa yanapanda yalijaa mpaka mizigo ya juu inayumba, makochi, magodoro, mbuzi, na watu wakatupungia mkono kwa kutuhurumia.

Basi lenyewe lilikuwa la kisasa, lina video. Walituwekea mkanda wa watu wanaopigana mateke tangu Himo mpaka Same, na kila mmoja alipoanguka mama alisema, "Pole, mwanangu." Kondakta akapita anauza maji ya chupa. Mama akaishika ile chupa, akaitazama juani, akamrudishia.

"Maji mnauza?"

"Ndiyo, bibi. Mambo ya siku hizi."

"Kwetu maji ya mfongo yanapita mlangoni. Utauza na hewa?"

Hewa nayo ilikuwa imeanza kuwa adimu. Baada ya Same joto lilipanda, mkonge pande zote, na basi likaharibika feni ya injini. Tulikaa kando ya barabara kwa saa mbili na nusu. Nikamtazama Melki, uso umeiva, nywele zimelowa chini ya kofia. Nikanyoosha mkono nilegeze kamba ya kidevuni. Mama akaushika mkono wangu akaurudisha mapajani kwangu.

Mombo tulishuka kula. Tulipokuwa tunangojea wali, akaja mzee mmoja wa Kirua anayeishi Dar, basi lake la kupanda nalo limesimama. Alipotuona, mama mtu mzima, kijana wake, mkwe na mtoto, tunateremka mwezi wa Desemba, akavua kofia taratibu.

"Poleni sana," akasema. "Ni nani?"

Hakungoja tujibu. Yule mzee akatushika mikono mmoja mmoja, akainamisha kichwa, akaanza Baba Yetu kwa sauti. Wateja wengine wakasimama na vijiko vyao. Mume wangu, badala ya kusema ukweli, akaitikia na kupiga ishara ya msalaba! Nilitamani ardhi inimeze.

Sala ilipokwisha mama akasema, "Hakuna aliyekufa. Mwanangu anataka kutazama maji."

"Maji gani?"

"Ya bahari."

Mzee wa watu akamwangalia Baba Melki kwa muda mrefu. Nadhani msiba angeuelewa kwa urahisi zaidi. Akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Mombo hadi baharini

Sina mengi ya Korogwe na Segera, nilisinzia. Muheza tulinunua machungwa, Melki akanyonya moja lote bila kupumua, akalia kutaka jingine. Mama akasema chungwa linaleta kikohozi. Tanga tukapanda gari la kukodi, njia ya Pangani, vumbi mpaka kwenye meno.

Tulikokwenda ni kijiji kidogo, kwa mama wa kijana mmoja anayechukua mitumba kwa Baba Melki. Anaitwa Bi Zuhura, mjane, umri kama wa mama mkwe, anapangisha vyumba viwili. Uani kwake ukitoka kwenye minazi umeshakanyaga mchanga. Alitupokea kwa maneno mengi kiasi kwamba mama, ambaye Kiswahili anakipima kabla ya kukitoa, alibaki anaitikia tu "eee, eee."

"Karibuni, karibuni jamani, mmechoka wenyewe! Watu wangapi? Vyumba niwapangieje?"

"Mimi na mume wangu tutalala hiki," mama akasema.

Bi Zuhura akatazama nyuma yetu kutafuta mzee. Mama akamwonyesha Melki mgongoni kwangu. Yule mwanamke alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikapumua, nikaona hapa tutapatana. Halafu akasogea akamtazama vizuri.

"Na huyu bwana mbona amevalishwa hivi? Ana homa?"

"Hana. Ni upepo," mama akasema.

Tulitembea kwenda kuona bahari kabla hata ya kunawa. Mimi nilikuwa naijua kwa ramani, nafundisha watoto kila mwaka, na bado nilishindwa kufunga mdomo. Haina ng'ambo! Mama alisimama akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Maji yote haya, na hayaingii shambani kwa mtu?" Akainama, akachovya kidole, akaonja, akatema. "Yeleuwi! Wameyaharibu na nini?"

Baba Melki akaitoa ile nguo ya chungwa mfukoni, anacheka kama mtoto. Mama akasema, "Kesho. Leo kuna upepo." Nguo ikarudi mfukoni.

Chumba chenye madirisha yaliyofungwa

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mkono wangu unakataa kuliandika.

Asubuhi iliyofuata Melki hakutaka mtori. Mama alikuwa ameupika kwa mshare zake mwenyewe, wa moto unatoka mvuke, akamlazimisha vijiko vitatu. Akatapika. Mama akamgusa paji la uso, akasema mtoto anachemka. Mimi niligusa, ni kweli anachemka.

"Baridi imemwingia," akasema.

Na hapa, wenzangu, msinicheke. Nilimwamini. Sisi tumelelewa hivyo. Kwetu mtoto akiumwa ni baridi, na ukimwona ana moto mwilini ni kwamba baridi iko ndani inapigana, umfunike atoke jasho apone. Hivyo ndivyo nilivyofunikwa mimi, na nikapona. Hakuna kati yetu aliyewahi kukaa mahali ambapo joto lenyewe linaweza kumuumiza mtu. Kwa hiyo tulifunga madirisha mawili, tukaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia, tukamwongezea blanketi la Bi Zuhura. Baba Melki akatumwa kutafuta mganga wa zahanati, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Tukakaa mle ndani wanawake wawili na mtoto, jasho linatutiririka mgongoni, tunasali rozari.

Kufika mchana hakuwa analia tena. Nilifurahi, nikadhani amelala. Nikamtia ziwa mdomoni, halikushikwa. Midomo ilikuwa imekauka imepasuka. Nikapitisha mkono chini, nepi kavu, na ilikuwa ile ya alfajiri. Ngozi ilikuwa inawaka lakini haina jasho hata tone. Nikamwita jina lake, macho yakafunguka nusu, yakapita juu yangu kama hayanijui.

"Mama, tumvue kidogo," nikasema.

"Ukimvua atakufa."

Alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nikakaa kimya. Mimi, mwalimu, mama yake mzazi, nikakaa kimya! Hilo sitajisamehe upesi.

Bi Zuhura ndiye aliyesukuma mlango, anataka kutuletea samaki. Ule moto wa chumbani ukamgonga usoni. Aliweka sahani chini, akatazama lile fungu kitandani, na hakuuliza mtu. Alivuta blanketi, khanga, sweta, anachana kamba za kofia kwa meno.

"Subhana! Mnamuoka mtoto? Mnamuoka?"

Mama alimrukia. Bi Zuhura akawahi kumpakata Melki akiwa mtupu, akatoka mbio, uani, minazini, mchangani. Wazee wawili wanakimbizana, mmoja amebeba mtoto wangu amelegea shingo, mwingine anapiga yowe kwa Kichagga kwamba anamuulia mume. Mimi nyuma yao. Niliona wazi Bi Zuhura anaelekea majini, na mama amebakiza hatua tatu amshike.

Nilimkamata mama mkwe wangu kwa nyuma. Nilimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, akajitupa, tukaanguka wote, nikamlalia juu. Kitambaa chake kikatoka kichwani, nywele zake za mvi zikaonekana na kila mtu, na pale ufukweni watu walikuwepo wanasafisha samaki. Aliniuma mkono. Sikumwachia. Na sikujua kama ninamwokoa mtoto au ninasaidia kumuua.

Bi Zuhura alikaa kwenye maji yanayofika kiunoni, Melki mapajani. Anamteka maji kwa kiganja, anammwagia utosini, kifuani, kwapani, anampepea kwa ncha ya khanga, anaongea naye bila kukoma. "Haya bwana. Haya mume wa watu. Rudi. Rudi bwana." Akaagiza dafu, likaja, akawa anamdondoshea kwa kidole. Sijui ilichukua muda gani. Mimi na mama tulikuwa mchangani bado, yeye chini, mimi juu, hakuna anayesogea.

Halafu Melki akalia. Kilio kibovu, cha kukwaruza, cha hasira. Na Bi Zuhura akapiga kelele akicheka, "Amekojoa! Amenikojolea!"

Nikamwachia mama. Akaketi, akatafuta kitambaa chake, akakikung'uta mchanga, akakifunga taratibu. Aliniambia neno moja kwa Kichagga, "Umenishika." Hakusema nimempiga, na ingekuwa afadhali. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, nadhani ili hata wale wa samaki wasikie: "Krismasi, mbele ya ukoo, tutaongea."

Mganga alikuja na Baba Melki, wamepakiana baiskeli. Kifua akakisikiliza akasema safi. Damu akachukua, kesho yake akatuambia haina malaria. Alimgusa mtoto, akalitazama lile rundo la nguo mlangoni, akatuuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia, akatikisa kichwa. "Huku joto ndilo baridi yenu," akasema. Nusu saa zaidi mle ndani, akasema, na angekuja kuandika cheti cha kifo.

Siku zilizobaki

Mnataka kujua tulifaidi bahari? Tulifaidi. Melki siku ya tatu alivaa ile nguo ya bata, akakaa kwenye maji ya ukingoni akayapiga makofi, na kila wimbi dogo likija analitukana kwa lugha yake. Baba yake alikuwa anaoga na suruali ndefu. Tulikula mkate wa kumimina, tulikula samaki wa kupaka, mimi nilinenepa kwa siku nne. Lakini nilikuwa nakula kama mtu anayesubiri kesi. Mnaelewa kosa langu lilivyo. Mke aliyemkamata mama mkwe akamwangusha, akamlalia hadharani na kichwa wazi, katika ukoo ule anarudishwa kwao, na mtoto anabaki. Baba Melki nilimweleza. Alishika kichwa. "Kwa nini hukumwita mtu mwingine amshike?" akaniuliza, kana kwamba kulikuwa na foleni ya watu.

Mama hakuongea nami. Alikuwa anakaa uani na Bi Zuhura, na hilo lilinishangaza kuliko yote, kwamba alimsamehe aliyembeba mtoto na siyo mimi niliyemshika yeye. Siku ya nne walikuwa wanamenya ndizi zilizobaki, mimi nafua hatua chache tu kutoka pale. Bi Zuhura akamuuliza amejaliwa watoto wangapi.

"Saba. Wanaoishi sita."

"Pole, mwenzangu."

"Alikuwa kama huyu. Mkubwa kidogo." Alikuwa anaongea Kiswahili chake kizito, analiweka kila neno mahali pake. "Ilikuwa mwezi wa mvua. Jua likatoka. Nikasema, leo nimvue apate jua, mwili upumue. Nikamweka mlangoni juu ya majani, nikaingia kuchuma kahawa. Karibu tu, namwona. Ukungu ukashuka. Nikasema nimalize mti huu. Nikasema nimalize na huu." Akaendelea kumenya. "Siku tatu. Kichomi. Mimi ndiye niliyemvua."

Bi Zuhura akamshika goti. Mimi niliinamia beseni, mikono imesimama ndani ya povu. Miaka sita nimekaa katika nyumba ile na sikuwahi kusikia habari ya mtoto huyo. Baadaye nilimuuliza Baba Melki. Na yeye hakuwahi. Yeye alizaliwa baada ya mtoto huyo.

Segera hadi Kirua

Kurudi ndiyo tulijua Desemba. Pale Segera mabasi yote ya kutoka Dar yamefurika, na letu lilipofika hapo likaongezwa watu mpaka kwenye ngazi. Mama alipata kiti, Melki mapajani kwake na fulana moja tu. Mimi nilisimama mpaka Same, nikiegemea ndoo ya samaki wakavu wa mtu. Nilikuwa natunga maneno ya kujitetea, nayafuta, natunga mengine.

Himo tuliposhuka, kabaridi ka mlima kakatugusa. Mama akatoa sweta kwenye furushi. Akalishika, akanitazama, akasubiri. Nilichelewa kuelewa kwamba ananiuliza. Nikatikisa kichwa kukubali, akamvisha. Bado hakunisemesha, na njia nzima ya kupanda alitangulia mbele.

Nyumbani

Siku ya Krismasi, baada ya misa, ng'ombe alikuwa ameshachinjwa migombani tangu alfajiri. Watu kama arobaini. Wanaume wanachoma, wanawake tunageuza kiburu cha ndizi na maharage kwenye sufuria kubwa, watoto wa Dar wanaogopa nzi. Mimi nilikuwa nageuza sufuria moja tu, hiyohiyo, kwa sababu ilikuwa mbali na mama.

Nyama zilipogawiwa na mbege ikazunguka, kaka mkubwa wa mume wangu akagonga kibuyu kwa kijiti. Mnamfahamu, ni mtu wa kufuata taratibu.

"Mama," akasema, "nasikia huko pwani mtoto alitaka kufa. Na nasikia palitokea mambo ya aibu kwenye mchanga, mbele za watu. Wewe ndiye mkubwa wetu. Tueleze, kama kuna la kutengenezwa litengenezwe leo."

Uwanja mzima ukamgeukia mama. Nikaweka mwiko chini, nikapangusa mikono. Mama akasimama. Alikuwa na kata ya mbege mkononi.

"Joto la kule si la kwetu," akaanza. "Linamla mtoto kutoka nje. Meku alilegea, hajui mtu. Wote wakasema afunikwe." Akamtafuta Melki kwa macho. "Mimi nikamvua."

Niliinua kichwa.

"Nilimvua kofia. Nilimvua sweta, fulana, soksi, vyote, kama alivyozaliwa. Nikambeba nikakimbia naye, nikaingia baharini mpaka hapa." Akajionyesha kifuani. "Nikakaa naye majini, nikammwagia maji, mpaka akalia."

"Mama! Wewe? Baharini?" Wifi zangu wakashika vinywa.

"Mimi. Huyu mama yake aliogopa. Alitaka kunizuia, tukaanguka mchangani. Hilo ndilo watu waliloliona. Ni uchungu wa mzazi, si aibu. Hakuna la kutengenezwa."

Kaka mkubwa akanigeukia. "Mama Melki, ndivyo ilivyokuwa?"

Baba Melki alikuwa ananitazama. Mama hakunitazama. Alikuwa amefumba macho, kata imeinama, mbege inamwagika kwenye gauni lake jipya na hajui.

"Ndivyo," nikasema. "Mama ndiye aliyemvua. Angechelewa kidogo tu, mtoto angekufa."

Vigelegele vikapigwa mpaka kwa jirani. Mama akakaa taratibu, akamvuta Melki, akamkumbatia, akaanza kulia kwa sauti, analia mabega yanamruka, hataki kunyamazishwa. Wifi zangu wakamzunguka wakimpa pole na kumwambia asilie, mtoto si huyu hapa, mzima. Wote walidhani anamlilia Melki.